Mvua Iliyokuwa Njiani

Mwanangu Tusekile,

Lile boksi la watu wa chuo ulilolisukuma kwa mguu hadi nyuma ya magunia ya maharage nimelitoa. Liko hapa jikoni karibu na kigoda changu, na nimeshalifungua. Najua ulitaka lisahaulike huko mpaka panya walimalize. Jana ulinishika mikono yote miwili, kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke, ukaniambia: "Mama, niahidi. Niahidi hutakinga tena mvua ya wale watu. Nikiwa huko nje ya nchi nitalalaje?" Nikakwambia ukapige pasi nguo zako. Basi jibu lako ni hili. Naliandika kwa sababu ukinitazama ulimi wangu unakuwa mzito, na ukianza kulia ndiyo kabisa.

Mambo ya sweta, ya chakula cha njiani, ya kutosahau kusali, shangazi yako amekuimbia kutwa nzima, masikio yako yamechoka. Mimi nataka nikueleze siku ile. Ulikuwa shuleni, kidato cha sita, na habari ulizipata kwa watu wa kwenye basi, kila mmoja na nyongeza yake. Kwangu hujazisikia. Uliniuliza mara moja nikakwambia "ni mambo ya Mungu," nikaingia ndani. Nilimsingizia Mungu. Yalikuwa mambo ya watu, na mimi nilikuwepo.

Unamkumbuka yule mama wa chuo alivyokuja na kile chombo chake: faneli juu, na mrija mwembamba unaoshuka hadi chini ya dumu ili hewa isipate nafasi ya kuyanywa maji. Akanifundisha. Mvua ikiisha, mimina kwenye chupa ndogo, jaza mpaka shingoni, kaza kifuniko, andika tarehe, halafu weka mahali penye giza na ubaridi mpaka tuje kuzichukua. Nikamuuliza, maji ya mvua yana nini mpaka yafungwe kama dawa ya hospitali? Akasema maji yote hayalingani. Yapo mazito na yapo mepesi, na ukiyapima unaweza kujua yametoka wapi na yamepitia wapi kabla ya kukuangukia. Nikaitikia tu kwa heshima, maana alikuwa mgeni. Sikuelewa kitu.

Nilielewa kwako. Uliporudi likizo ukachukua ungo wangu, ukatoka na maharage uwanjani penye upepo. "Ona, Mama. Mazito yanaangukia miguuni, makapi yanakwenda mbali. Wingu nalo ni hivyo hivyo. Likitoka baharini linatangulia kuangusha maji mazito njiani. Mpaka lifike huku kwetu milimani, limebakiwa zaidi na mepesi." Nami nikakwambia, kumbe ni malori ya Tunduma! Kabla sijaolewa nilikuwa nauza chai kwenye foleni ya mizani pale, na tulijua wote: lori likipanda mizani likawa jepesi kuliko karatasi zake zinavyosema, basi limeshusha mzigo mahali. Dereva anaweza kuapa kwa mama yake mzazi, mizani inajua. Ulicheka mpaka maharage yakamwagika. "Mama, hapo umefika!" Ukanieleza ulichoambiwa na yule mama wa chuo, kwamba kwenye kompyuta wamekatakata anga lote la dunia vipande kama masanduku, kila sanduku linamkabidhi jirani yake maji, mazito yakihesabiwa mbali na mepesi mbali, kutoka bahari hadi bahari, na mwisho wanalinganisha na chupa za watu kama mimi. Siku ile nilifurahi sana. Niliwaza, kumbe Isongole yetu nayo ipo kwenye anga la watu.

Sasa, mahali penye giza na ubaridi. Nyumba yetu ni ya bati. Mchana ni tanuri. Palikuwa na sehemu moja tu, nyumba ya udongo na nyasi ya babu yako. Nilikutuma wewe ukazipange chini ya kitanda chake, kwa sababu mimi nisingeweza kukanyaga mle.

Wenzangu wengi siku hizi wameliacha hili. Wanapigiana simu na baba wakwe zao, wanapiga nao picha. Mimi nililelewa na mama wa zamani, na nilimwahidi. Tangu niletwe kwenye boma hili sikuwahi kumtazama babu yako usoni, sikuwahi kutamka jina lake, sikuwahi kusema naye. Tukikutana njiani nilichepuka kwenye mahindi na khanga kichwani mpaka apite. Na yeye kwa upande wake alinisaidia. Akiwa anakuja alikohoa tangu mbali, kikohozi kimoja kikavu, ili nijue nijifiche bila kukimbia kama mwizi. Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa sauti yake kwangu. Chakula nilipika mimi, ukampelekea wewe, naye akarudisha sahani na ujumbe: "Mwambie mama yako chumvi ya leo imekaa." Nami nikakutuma: "Mwambie babu dawa haimezwi kwa kuitazama." Tulipendana hivyo, mwanangu. Kwa miguu yako.

Uliniambia kwamba alikuuliza chupa zile ni za nini, ukamjibu, "Ni mvua, Babu." Akasema, "Basi zilale." Hakuuliza tena.

Kosa langu la kwanza ndilo hilo. Chombo nilikiweka nyuma ya banda la mbuzi ili watoto wasikichezee, na ili watu wasiniulize maswali nisiyoweza kuyajibu. Aliyeuliza nilimwambia ni kitu cha kilimo. Chupa sikumwonyesha mtu. Niliona aibu kusema, "Nakinga mvua, sijui vizuri kwa nini." Basi nikaacha kitu cha wazi kikafanana na kitu cha gizani.

Mwaka ule mahindi yalichipua yakafa. Tukapanda tena, yakafa. Wingu lilitokea upande wa ziwa, linajaa, linakuwa jeusi kama sufuria, halafu linatupita kama ndugu aliyetajirika. Kanisani tulifunga na kuomba. Siku moja katikati ya maombi sauti ya mtu ikasema, "Bwana, fichua mkono wa mtu uliofunga mbingu." Kanisa zima likaitika amina. Na mimi, Tusekile, niliitika amina. Kwa sauti. Nikiwa nimefumba macho namfikiria mtu mbaya wa mahali pengine.

Aliyeziona ni Ambilikile. Unamjua, shamba lake linapakana na letu, na kwaya yetu bila besi yake ilikuwa kama kuku. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa kwa kukosa majani. Alikwenda kumjulia hali babu yako, akainama kuvuta kigoda, akaona chini ya kitanda safu za chupa zimefungwa, zimeandikwa, zimejaa maji safi. Aliaga vizuri, akatoka.

Walikuja mchana. Nilikuwa nafua. Hawakuja na kelele, walikuja kimya kama watu waendao msibani, ndiyo maana sikujiandaa. Niliposikia mlango wa nyasi unapasuka nilisimama. Nikaona wanamtoa babu yako kwa miguu, mgongo unaburuzwa juu ya kizingiti, shati limepanda shingoni. Na nguo ya chini ilikuwa imemtoka.

Mimi nilikimbilia nyuma ya ukuta wa jiko, nikachuchumaa, nikajifunika khanga.

Sikukimbia kwa woga. Nimejiuliza sana hili mbele za Mungu na ninakwambia kweli. Baba mkwe wangu alikuwa uwanjani akiwa uchi, na mwili wangu ulifanya ulichofundishwa kabla kichwa hakijaulizwa. Woga ulikuja baadaye, nilipokuwa nimeshachuchumaa.

Nikichungulia kwenye kona ya ukuta, nikaona wanaleta chupa. Walizitupa kwenye beseni langu la kufulia, juu ya nguo zako. Ambilikile akawa anaziinua moja moja kwenye jua na kusoma. "Hii ni ya Januari!"

"Januari!" wakaitikia. "Kumbe!"

"Hii ya Machi. Hii ya mwaka juzi!"

"Mwaka juzi! Mzee ana benki!" Mmoja akasema hivyo, na watu wakacheka. Nakwambia walicheka. Kicheko cha kawaida tu, kama cha harusini. Mwingine akasema, "Mzee, hebu tukopeshe ya wiki moja, tutarudisha na riba." Wakacheka tena.

Ndipo Ambilikile akauliza, na huyu hakuwa anacheka: "Mzee, chupa za nani hizi?"

Mwandiko ulikuwa wangu. Maneno yaliyotakiwa ni mawili: ni zangu. Nilikuwa nayo mdomoni, nayasikia ladha yake. Nikaanza kuinuka. Na babu yako, amelala ubavu kwenye vumbi, damu inamtoka puani, akakohoa.

Kile kile. Kimoja, kikavu.

Watu walidhani ni vumbi. Mimi peke yangu pale nilijua kimesemwa nini. Kilisema, kaa ulipo, napita. Halafu akajibu: "Ni zangu."

Ambilikile alimpiga mdomoni kwa mpini wa jembe. Nilikuwa nimerudi chini ya khanga; sikuona, nilisikia. Umekuwepo tukipura maharage, unajua sauti ya fimbo nyingi zikishuka juu ya kitu kikavu, kwanza zinagongana ovyo, halafu zinapata mwendo mmoja. Ndiyo sauti hiyo. Na katikati yake watu wanahema. Mtu anasema "sogea, sogea," kama anayeomba nafasi kwenye benchi. Mawe yalikuwa yale ya kuzungushia bustani yangu, niliyoyabeba mwenyewe kutoka mtoni.

Sijui nilikaa pale muda gani. Si mrefu, ila ulitosha. Huo ndio muda ninaouomba Mungu anirudishie kila ninapopiga magoti, na najua haombwi hivyo.

Kisha nikatupa khanga. Nilivuka uwanja, nikapita katikati ya miguu yao, nikajilaza juu yake. Ndiyo mara ya kwanza nilimgusa. Alikuwa mdogo, Tusekile. Miaka yote nilimpikia kama mtu mkubwa, kumbe mbavu kama za mwanambuzi. Pigo lililokuwa linamfuata yeye lilinipata mimi hapa begani. Nilikudanganya kwamba niliteleza kisimani. Ndiyo sababu ndoo siibebi tena kichwani. Nikapiga kelele, lakini si ile ya kuomba msaada. Niliita jina lake.

"Asajile! Asajile!"

Wakarudi nyuma.

Jua vizuri hapo, mwanangu, kwa sababu mimi mwenyewe sijamaliza kulishangaa. Damu haikuwarudisha. Mzee kuvunjwa meno hakukuwarudisha. Kilichowarudisha ni mkamwana kutamka jina la baba mkwe wake hadharani, kichwa wazi, amemlalia. Mwanamke mmoja alijifunika uso akasema, "Jamani, hii sasa imekuwa mbaya." Sasa! Watu wakaona haya, fimbo zikashuka.

Lakini hawakuondoka hivi hivi. Walizipasua chupa zote kwenye jiwe langu la kufulia, moja moja, kila moja wakisema "fungua." Chombo wakakikanyaga kikavunjika. Nyasi za nyumba wakazitia moto. Na mmoja alipokuwa anaondoka alisema, tena kwa upole, kama anayenifariji: "Sasa itanyesha, Mama Tuse."

Kesho yake alasiri ikanyesha.

Haikuwa mvua ya baraka. Ilikuja na mawe ya barafu, ikapiga migomba mpaka ikabaki mifupa, radi zikawa zinapasua mlima huku na huku, bati linapigwa mpaka huwezi kusikia sala yako mwenyewe. Babu yako alikuwa amelala kitandani kwangu, maana palikuwa hakuna pengine, na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limekwama upande wa pili wa mto. Na juu ya kelele zote zile, nikasikia vigelegele. Kijiji kizima kilikuwa nje kwenye barafu kinapiga vigelegele. Walikuwa wamepata uthibitisho wao.

Nikahisi nguo yangu inavutwa. Ni yeye. Jicho moja lilikuwa limeziba, lingine linanitazama. Tulitazamana. Akasema kwa ule mdomo uliovimba, "Hii unaikinga?"

Nikasema, "Baba, chombo wamekivunja."

"Sufuria huna?"

Nikakimbia nje na sufuria ya ugali, barafu inanipiga kichwani. Niliporudi nimelowa, akajaribu kucheka, ikamuuma mbavu, akasubiri, halafu akasema: "Mimi nifunge mvua. Mimi ambaye kila siku mbuzi wangu anakutwa kwenye shamba la mtu." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Yeye akaniambia niache, nitayamwagia machozi maji ya watu.

Alifia hospitali, wiki ile ile. Mpaka anakata roho tulikuwa tunaongea kama watu waliochelewa sokoni. Aliniuliza jina la baba yangu. Aliniuliza kwa nini mboga ya Jumapili ilikuwa na karanga na ya siku nyingine haina.

Baba yako alitoka Saza alipokuwa anachimba, amefuatana na wanaume wanne wa mgodini, kila mtu na panga lake limefungwa kwenye gazeti. Walipita moja kwa moja kuelekea kwa Ambilikile. Watoto wa mle ndani walikuwa watano. Nilimkuta baba yako njiani, nikamkamata ukosi. Akanisukuma nikaanguka, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. Nikamwambia kutoka hapo chini: "Baba yako ameacha neno. Amesema damu yake isilipwe." Akasimama. Halafu akakaa chini barabarani, na wale wenzake wakawa wanatazama pembeni.

Nilidanganya, Mungu ananijua. Babu yako hakusema hivyo. Neno lake la mwisho alisema anataka uji, na usiwe wa moto. Usimwambie baba yako. Uwongo ule ndio unaomfanya alale, na watoto watano wanakwenda shule. Sikushauri udanganye, mwanangu. Nakueleza tu nilichofanya.

Ambilikile polisi walimchukua wakakaa naye muda, wakamrudisha. Mimi nilimtaja kwa jina mbele yao wote. Wakasema ushahidi wa mtu mmoja, tena aliyekuwa amejifunika khanga, hautoshi. Na kijiji kizima, kumbe, siku ile kilikuwa kinatazama chini.

Sasa yale maji ya sufuria. Niliyatia kwenye chupa ya soda, nikayafunga, nikayatunza mpaka ulipoingia chuo nikakupa uende nayo. Nilitaka yaseme neno moja tu. Nilitaka yaseme kwamba wakati mpini unashuka, mvua ile ilikuwa njiani tayari. Kwamba ilikwishatoka baharini siku nyingi kabla hawajang'oa mawe ya bustani yangu, inapita juu ya vichwa vya watu wasiotujua, inashusha mzigo kidogo kidogo, inakuja. Kwamba hakuna chupa iliyoizuia, wala hakuna chupa iliyoiachia.

Ulirudi umenyong'onyea. "Mama, maji haya hayasemi kitu. Sufuria ilikuwa wazi, hewa imeyanywa mepesi, yamebaki yamejichanganya. Na hata yangekuwa mazuri, mvua moja haitoshi kuapa kwayo. Lazima uwe na nyingi, miaka kwa miaka, ndipo uijue moja." Nikakuuliza, na hiyo kompyuta yenu yenye anga zima? Ukasema, "Inajua mvua za namna ile zinakotoka kwa kawaida. Lakini hapa kwetu hakuna chupa, Mama. Pana tundu. Inatazama wa mbali halafu inakisia."

Sikulala vizuri siku ile. Na neno hilo hilo umelirudia jana, ukidhani unanifariji: "Acha, Mama, usijihangaishe, modeli ya kompyuta itakisia."

Tusekile. Ambilikile naye alikisia.

Alikuwa na ng'ombe waliokufa, alikuwa na mbingu kavu, na katikati palikuwa na tundu. Akaliona tundu lile linauma. Akatafuta cha karibu cha kulijaza, akakuta chupa zangu. Mimi nami nilikuwa na tundu, nilipoitika amina nikalijaza kwa mtu wa mahali pengine. Najua kompyuta haishiki mpini. Wewe ni msomi, utaniambia kukisia kwenu ni kwa hesabu na kunajua mipaka yake. Nakubali. Lakini mimi nimemwosha mtu aliyekisiwa. Kwa hiyo usiniombe niliache tundu hapa Isongole kwa hiari yangu, ili nilale. Silali.

Na lile ulilolisema kwenye mazishi, ukidhani sisikii, kwamba wewe ndiye uliyezipanga kule chini ya kitanda: weka chini mzigo huo, mwanangu. Nilikutuma. Mtoto aliyetumwa na mama yake hana kesi. Usivuke nao mpaka.

Leo asubuhi ulipokwenda kuaga kwa shangazi yako, mimi nilikwenda kwa Ambilikile. Sijawahi kukanyaga pale tangu siku ile. Nilimkuta anachonga nguzo za zizi. Nikamwambia, "Naomba nguzo moja, iliyonyooka."

Akajua ni ya nini. Boksi la chombo kipya lilipita kijijini kweupe kwenye bodaboda. Akasema, "Mama Tuse, watu watasemaje?"

"Watasema yale uliyosema wewe. Lakini safari hii nitakuwa nimesimama."

"Unataka kuweka wapi?"

"Mbele. Njia panda ya kisima, kila mtu apite aione. Na kila mvua, chupa ikijaa, yatakayobaki kwenye dumu tutayanywa. Mimi kwanza, halafu anayetaka. Na chupa zitalala pale pale, nyumba ya Mzee. Nimeezeka upya, mlango sijaweka. Anayetaka kuchungulia achungulie."

Halafu akaja na nguzo begani na sururu mkononi, akachimba shimo mwenyewe, akaisimamisha, akashindilia udongo kwa kisigino. Muda wote huo hakuniangalia. Akipishana nami anageuza uso kwenye mahindi. Nikaona, kumbe sasa yeye ndiye mkamwana.

Usidhani nimemsamehe. Naomba niweze. Naanza sala vizuri, nikifika kwenye jina lake nasahau maneno. Jana nimefika mbele kidogo kuliko juzi.

Basi ahadi uliyoitaka sina. Wanaweza kuja tena. Mwaka huu mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa ziwa, na yakitupita tena sijui watu watakuwa watu gani. Nimemwambia Mungu ninaogopa, na yeye hakunikemea. Wewe huko, siku utakapoona kwenye kioo cha kompyuta yako kidoa kidogo cha Isongole, ujue pale chini pana nguzo ya Ambilikile, na mwandiko wangu, na uwanja ule. Na pale usipojua, sema hujui. Hata kama wakubwa wamekaa mbele yako wanasubiri. Hata kama wana ng'ombe waliokufa.

Gari la Tunduma linaondoka mapema. Ukishuka na begi lako utaipita njia panda, utakiona chombo kimesimama juu ya nguzo. Usiking'oe. Nakujua, mkono utakuwasha. Kipite.

Mimi sitakusindikiza mpaka stendi. Nitakuwa nyuma ya ukuta wa jiko, maana nikikutazama usoni nitakushika, na nikikushika hutakwenda. Ila ukifika pale kwenye kona, kabla ya kuteremka, kohoa. Kimoja tu. Nijue umepita.

Mama yako